Lori la Kijiji Lililokosa Dereva

Simoni ndugu yangu,

Kijiji chetu kimepata lori. Ningependa kuuona uso wako unapolisikia hilo, kwa sababu ni wewe uliyekuwa ukiniambia, tukingoja abiria pale Korogwe, kwamba iko siku wakulima watakuwa na gari lao wenyewe, nami nikakucheka. Basi limekuja. Ni la kijani, bodi yake ya mbao, na honi yake inasikika mpaka ng'ambo ya mashamba. Tumelipata kwa mahindi ya shamba la kijiji, misimu mitatu ya jasho. Siku lilipoletwa kutoka Tanga wanawake walilipokea kwa vigelegele kama bibi harusi.

Huijui Kwedizinga ya sasa. Ulipotutoka tulikuwa tumetawanyika, kila mtu na mji wake porini. Sasa tumehamia pamoja, nyumba zimekaa mistari, tuna shule na duka la ushirika. Wakati wa kuhama nilimwandikia mkeo kule Kwamndolwa, nikamwambia aje na Yustina, kiwanja kipo jirani na changu. Wakaja. Mama Yustina analima kuliko wanaume wawili, na ukitaka kumkasirisha mwambie apumzike. Yustina, yule uliyemwacha na pengo la meno ya mbele, ni mwanamke mzima, mrefu kama wewe, na kicheko chako amekichukua chote.

Shida ya lori ilikuwa moja: halikuwa na dereva. Aliyelileta alishuka, akakabidhi ufunguo ofisini, akapanda basi akarudi kwao. Kijiji kizima kikanigeukia mimi, dereva wa basi wa zamani.

Nikakataa.

Lori likakaa wiki tatu mbele ya ofisi. Kuku wa Mwenyekiti akataga chini yake. Wazee walipokezana kukaa kwenye kiti cha dereva, wakitazama mbele kwa utulivu kama watu walio safarini. Aliyelitunza ni Yustina peke yake. Kila asubuhi kabla ya kwenda shamba alilifuta vumbi, akatazama matairi, akaongeza maji kwenye rejeta. Hakuna aliyemtuma.

Mwenyekiti alikuja kwangu mara tatu. Mara ya kwanza nilisema nimezeeka. Akasema yeye ni mkubwa kwangu na mkewe ana mimba. Mara ya pili nikasema kiuno. Mara ya tatu nikasema macho, sioni vizuri siku hizi. Akatoa barua mfukoni, akasema imetoka wilayani na miwani yake ameisahau, nimsaidie kuisoma. Nikaisoma yote, mpaka maandishi madogo ya kwenye muhuri, ndipo nikakumbuka kwamba sioni. Aliikunja barua yake akaniaga, nami nikamsikia akicheka peke yake njia nzima.

Wewe unajua kwamba sikuichukia kazi ile. Nani angeichukia? Unakumbuka sherehe za Uhuru, tulivyowapeleka watu Handeni mjini na basi limefunikwa matawi hata taa hazionekani? Ulikaa juu ya keria na ngoma ya mtu, ukaipiga vibaya njia nzima, na mwenye ngoma akashindwa kukunyang'anya kwa kuogopa kuanguka. Nakumbuka pia ulivyokuwa ukinikumbusha saa za swala, wewe Mkristo. Ulikuwa ukigonga bodi mara mbili na kusema, "Mzigua, Mungu wako anakungoja," halafu unawatuliza abiria mpaka nimalize. Sijawahi kufanya kazi na utingo kama wewe, wala sikutaka kujaribu.

Lakini kulikuwa na jambo jingine, Simoni, na sikuwahi kumwambia mtu.

Siku ile ya mvua, tulipokupeleka hospitali ya Korogwe na kifua chako kikiwa kimebana, basi lilipozama kule bondeni tukiwa tumeshaipita Misima, mimi nilikuwa chini nikichimba matope na kujaza matawi chini ya matairi. Wewe ulikuwa umelala kwenye kiti cha nyuma, kichwa mapajani mwa mkeo. Nikakusikia unaniita. "Hatibu." Mara tatu. Nami sikuja. Nilijiambia nikiacha koleo tutachelewa, kwanza gari litoke, nitamsikiliza tukifika. Gari likatoka, na kabla hatujafika mjini ukawa umekwenda. Miaka yote hii, kila nikiona usukani, nasikia unaniita nami nimekupa mgongo. Ndiyo maana baada ya mazishi yako nilimrudishia tajiri ufunguo wa basi, nikamwambia jembe linanitosha.

Alasiri moja Yustina alikuja na mama yake. Waliketi uani, tukaongea habari za mvua na ngedere, kisha Yustina akaniuliza waziwazi, "Baba mdogo, unaogopa nini?"

Nilitaka kumkemea. Sikuweza. Ulikuwa ni uso wako ule unaoniuliza. Nikawaeleza. Nilieleza nikitazama chini, nikangoja mkeo ainuke aondoke, maana nilijua nimekiri mbele ya mtu niliyemkosea kuliko wote.

Mabega ya Mama Yustina yakaanza kutikisika, nikadhani analia. Alikuwa anacheka, huku machozi yanamtoka.

"Shemeji," akasema, "alikuwa anakuita kuhusu matawi. Alisema, 'Huyu Hatibu anajaza matawi yote kulia, na tairi linaloteleza ni la kushoto.' Alipoona husikii, akawatuma abiria wayahamishe."

Ni kweli, Simoni. Kuna mtu aliyahamisha yale matawi. Nilirudi kwenye usukani nikakanyaga mafuta, gari likatoka kama limesukumwa na watu mia, na sikuwahi hata siku moja kujiuliza ni nani aliyesema yahamishwe. Nilijidai ni mimi niliyelitoa.

Mkeo akaniambia ulilisikia gari likitoka. Ulifumba macho ukasema "twende", polepole, kama ulivyokuwa ukisema ukishamaliza kufunga mizigo. Hukusema tena kitu. Akaniambia uso wako ulikuwa wa mtu aliyeridhika na kazi yake, na kwamba yeye alidhani najua, ndiyo maana hakuwahi kuniambia. Alidhani silizungumzi kwa sababu linaniuma tu. Majirani miaka yote hii, tunagawana moto na chumvi, na kila mmoja amenyamaza kwa ajili ya mwenzake.

Nikacheka. Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Mke wangu alitoka jikoni na mwiko akadhani tumepatwa na kitu. Kisha nililia, na hilo sioni aibu kukuandikia.

Asubuhi yake nilikwenda ofisini nikaomba ufunguo. Nilikaa kwenye kile kiti, nikaogopa, mikono ikaanza yenyewe kutafuta gia. Yustina akaondoa gogo chini ya tairi. Nikalizungusha lori uwanja wa mpira mara mbili, watoto wa shule wakatoka darasani wote na mwalimu wao akiwa wa kwanza, na yule kuku wa Mwenyekiti akaonekana akikimbia kuelekea Handeni.

Niliipa kamati ya kijiji sharti moja tu: utingo wangu awe Yustina. Hapo pakawa na kazi. Mzee mmoja alisema mwanamke hawezi kupanda juu ya mzigo, watu watasema nini barabarani. Mwingine akasema kazi ile inataka nguvu. Wakabishana sana juu yake kama vile hayupo. Yustina alikuwa amesimama mlangoni. Alitoka, akarudi na gunia zima la mahindi mgongoni, akaizunguka meza ya kamati taratibu, akamsalimia kila mzee shikamoo yake, hakumruka hata mmoja, huku gunia liko mgongoni. Ikabidi waitikie marahaba mmoja mmoja. Alipomaliza akauliza alitue wapi. Mwenyekiti akasema, "Litue ndani ya lori," na kikao kikaisha.

Jumatatu tulikwenda Korogwe na mahindi. Yustina alivaa ile kaputula yako ya kaki, mama yake ameipunguza kiuno, akakaa juu kabisa ya magunia. Watu wa njiani walisimama na majembe yao wakitutazama. Akina mama walimpungia. Tulipofika kule bondeni nilisimamisha gari. Palikuwa pakavu, nyasi zimeota mpaka kando, hata huwezi kujua kwamba pamewahi kuwa na matope. Nilishuka, nikasimama kidogo, nikakusomea dua kwa namna ninayoijua mimi. Yustina naye alishuka akafanya ishara ya msalaba. Hatukukaa sana. Jua lilikuwa linapanda na mahindi yalikuwa yanangojwa.

Nimerudi kazini, basi. Kiuno kweli kinauma, Mwenyekiti nilimdanganya nusu tu. Lakini nikiamka asubuhi naamka na haraka, kama zamani, na mke wangu anasema nimeanza tena kuimba nikioga, jambo ambalo yeye hakuwa na hamu nalo.

Nakuahidi mambo mawili. La kwanza, maadamu nina pumzi, mgonjwa wa kijiji hiki hatalala nyumbani akingoja gari, iwe mvua iwe jua. La pili, nimeanza kumfundisha Yustina usukani pale uwanjani. Anakanyaga klachi kwa nguvu mno na hapendi kukosolewa, lakini ana mkono mzuri, na kabla ya masika nitahamia upande wa kushoto nimwachie barabara. Nitajifunza kukaa bila kumwelekeza, ingawa hilo sikuahidi kwa uhakika.

Pumzika kwa amani, ndugu yangu. Ningeandika zaidi, lakini lori linanguruma nje, na aliyeliwasha si mimi.

Wako,
Hatibu