Saa Arobaini za Hesabu

Ofisi ya Ushirikiano,
Chumba Na. 9, Chuo cha Jamii,
S.L.P. 212.

Jumapili, 14 Septemba.

Mpendwa mdogo wangu,

Kabla sijasema lolote, hujambo huko? Mgongo unasemaje? Na wifi yangu, bado anaamka alfajiri kwenda kusafisha yale maofisi? Nijibuni kweli, msiniandikie "hatujambo" kama watoto wanaojibu rejista. Baridi ya huko naiogopa kwa niaba yenu.

Sisi huku tu wazima, kwa maana kwamba hakuna aliyelazwa. Mzee anakuulizia kila asubuhi kana kwamba umetoka jana. Mimi miguu inavimba, na daktari amesema nipunguze kupanda ngazi. Ofisi yangu iko ghorofa ya tatu, sasa hizo ngazi nimpunguzie nani? Nimechoka, mdogo wangu. Nimechoka hata na kusema nimechoka.

Utauliza kwa nini naandika wakati simu ipo. Kwenye simu nitalia, wewe utasema yaishe dada, nami nitakubali yaishe. Haya si ya kuisha kabla hujayajua. Ni habari za mwanao Nukta na kile chuo kikuu ulichowatangazia wenzako wote kazini. Kaa chini usome.

Wewe kazi yangu umezoea kuicheka, unasema nalipwa kunywa chai na wakubwa. Ngoja nikueleze ilivyo. Chuo chetu kina ndugu watatu. Chuo kikuu kinawapokea vijana wetu mwaka wa tatu moja kwa moja, wakishamaliza miwili kwetu. Kiwanda cha majokofu kinawapa mafunzo ya vitendo na baadaye ajira. Shule za sekondari za jirani zinatuletea wanafunzi kila Jumatano kutumia karakana yetu. Mimi mratibu ndiye mshenga wa wote hao. Wakipendana wananisahau, wakigombana wananiita.

Basi Januari meneja wa kiwanda alikuja juu. Alisema vijana wetu wanajua kukokotoa joto la gesi lakini hawajui kushika bomba, na kama saa za karakana haziongezwi, nafasi za mafunzo atawapa chuo kingine. Mkuu wa chuo akaniambia nimalize. Nikamaliza. Ilikuwa Ijumaa, saa kumi na moja, kichwa kinagonga. Nilikata saa arobaini za hesabu za mwaka wa pili nikazipeleka karakana, nikasaini karatasi moja tu, nikaenda nyumbani nimeridhika kabisa. Hata samaki nilinunua njiani.

Sikukumbuka mkataba wetu na chuo kikuu. Nyuma kabisa una kiambatisho kinachosema hesabu zisipungue saa mia na ishirini. Unajua nani alikiandika kile kiambatisho? Mimi. Miaka tisa iliyopita, kwa mkono wangu, na nilijisifu sana siku ile. Wahenga walisema mshika mbili moja humponyoka. Mimi nilishika tatu.

Julai mwanzoni orodha ya vijana wetu kumi na tisa ilirudi kutoka chuo kikuu imepigwa mstari mwekundu, jina kwa jina. La Nukta lilikuwa la saba. Niliuangalia ule mstari mpaka chai ikapoa.

Nikaanza safari za kwa msajili wa chuo kikuu. Mara tatu, mdogo wangu, kwenye benchi la mbao ambalo nadhani waliliweka makusudi ili watu wakate tamaa. Msajili ni mama wa makamo, mpole, sweta lake halimtoki mwilini hata jua likiwaka. Hakunifokea. Aliniambia hana ubaya na watoto wangu, ila saa arobaini ni saa arobaini. Zifundishwe zote na mwalimu mwenye shahada, kila mwanafunzi ahesabiwe saa zake kivyake, wafanye mtihani wao, na yote yamfikie kabla ya tarehe thelathini Agosti. Nilimshukuru kama mtu aliyepewa zawadi.

Mwalimu sasa wa kumtoa wapi? Wetu wa hesabu mikataba yao iliisha Juni, na madarasa yalikuwa yanapakwa rangi. Nikaenda kwa mkuu wa shule ya sekondari ng'ambo ya barabara. Hapo ndipo zile Jumatano zilinilipa. Alinipa chumba kabla sijamaliza sentensi, na akanipa mwalimu wake wa hesabu, mzee mmoja ambaye wanafunzi wanamwita Bwana Thibitisha, kwa sababu hata ukimsalimia anataka uthibitishe.

Kiwandani ndiko nilikopata taabu. Vijana wako mafunzoni siku zote za wiki, nami nilitaka waachiwe Jumanne na Alhamisi mchana, wiki tano. Meneja alinitazama hivi, akauliza si mimi niliyekubali kuongeza saa za vitendo, sasa nazipunguza vipi? Haki alikuwa nayo. Nilibembeleza mpaka nikajionea aibu. Mwishowe alikubali, kwa sharti kwamba kila kipindi mwanafunzi mmoja abaki kuangalia mitambo ya chumba cha baridi. Nikawaza, sawa, watapeana zamu, na atakayebaki Bwana Thibitisha atamfidia Jumapili.

Sasa nikuambie jambo lililoniuma. Wiki zile zote kabla masomo hayajaanza niliwaacha vijana waamini chuo kikuu kina roho mbaya. Hata nyumbani. Nukta alikuwa anapika, anamwosha babu yake miguu, ananiwekea maji ya moto ya kukanda yangu, na mimi nakaa pale nalaumu wasomi wa watu. Siku ya kwanza ya masomo nilishindwa kuendelea kuficha. Nilisimama mbele yao, wamejibana kwenye yale madawati madogo ya sekondari, nikawaambia ni mimi niliyekata saa zile. Saini ni yangu.

Halafu kiongozi wao, kijana mmoja mrefu aliyekaa magoti yakigusa kidevu, akasema, "Tunajua, mama. Ratiba mpya ilibandikwa ubaoni tangu Februari. Jina lako liko chini."

Walijua! Wiki zote zile walikuwa wananiamkia asubuhi, wananibebea mafaili ngazini, wanajua. Na Nukta wangu alikuwa nyuma dirishani, macho kwenye daftari. Nilipomwuliza nyumbani kwa nini hakusema, alijibu kwamba nilikuwa sili vizuri, angeniongezea nini. Mtoto huyo amerithi unyamavu wa mama yetu. Wewe na mimi hatukuambulia hata chembe.

Baada ya hapo mambo yalienda. Kila Jumanne na Alhamisi nilisikia wakivuka barabara na kelele zao, nikasema moyoni, haya, mzigo unatua. Sikwenda kuchungulia. Nilikuwa na mikataba mingine mitatu ya kusoma, na safari hii nilikuwa nasoma mpaka nukta ya mwisho. Mtihani ukafanyika tarehe ishirini na sita. Wote kumi na tisa walifaulu. Mwanao alipata themanini na nane. Hakuna aliyemkaribia, wa pili ana sabini na moja.

Ungeishia hapo ungecheza, siyo? Mimi nilicheza, na miguu yangu hii.

Kesho yake Bwana Thibitisha aliniletea daftari la mahudhurio ili nijaze fomu ya saa za kila mmoja na kusaini. Nilipitisha kidole. Arobaini, arobaini, arobaini. Nilipofika mstari wa saba nikaona nafasi tupu. Nikadhani miwani. Nikaifuta. Nukta alikuwa amehudhuria vipindi vinne kati ya kumi. Saa kumi na sita.

Zile zamu za chumba cha baridi, mdogo wangu, sita alizibeba yeye. Wenzake wanne tu walibaki mara moja moja na kufidiwa Jumapili. Yeye alikuwa anawaambia nendeni, mimi sipendi jua la mchana, uongo wa wazi kabisa. Usiku akinakili daftari za wenzake. Bwana Thibitisha naye alimpima kwa maswali matatu ubaoni, akaona mtoto anajua kuliko aliyekuwepo, akamwambia Jumapili apumzike. Nani wa kumlaumu? Mimi sikuwahi kuwaambia, yeye wala wanafunzi, kwamba saa zinahesabiwa mtu kwa mtu. Nilidhani nimesema. Nimepekua barua zangu zote, sikusema.

Nilimwita ofisini. Nilikuwa na hasira, nikamwuliza nani alimtuma awe shujaa. Alisimama mlangoni na lile koti zito la kiwandani mkononi. Alisema, "Shangazi, kosa lilikuwa la nyumbani kwetu. Nisingeweza kuwaachia wenzangu walibebe." Wewe ungemjibu nini?

Bwana Thibitisha aliinama akaninong'oneza niandike arobaini. Yeye, anayetaka watu wathibitishe hata salamu! Alisema mtoto ana themanini na nane, atakayeuliza nani? Na kweli asingeuliza mtu. Msajili anaangalia saini tu, na saini ni yangu. Nilishika kalamu, mdogo wangu. Nikufiche nini, niliiweka juu ya karatasi nikaanza kuandika nne. Nilikuona wewe na ile tai uliyosema utainunua siku ya kuhitimu kwake.

Halafu nikawafikiria wale kumi na wanane. Siku ikijulikana kwamba namba moja ni ya uongo, wote wananyang'anywa nafasi. Na nikamfikiria yeye, angeingia pale kila siku akijua. Pangaboi lilikuwa linazungusha hewa na karatasi inataka kuruka. Nukta alisogea, akaibana pembe mbili kwa vidole vyake ili nisipate shida kuandika. Nikaikata ile nne, nikaandika kumi na sita, nikasaini pembeni yake pia, kuonyesha ni mimi niliyekata.

Wenzake kumi na wanane wanaanza Oktoba. Yeye hapana. Msajili ameandika kwamba matokeo yake ya mtihani yatatunzwa, na akimaliza saa ishirini na nne zilizobaki ataingia mwakani bila mtihani mwingine. Jumanne iliyopita ameanza, yeye na Bwana Thibitisha peke yao kwenye darasa la watu arobaini. Mchana mwingine yuko kiwandani, meneja amemwajiri kwa mwaka huo mmoja. Anasema hajawahi kuona mtu anayeijua ile mitambo hivyo. Asiijueje, ndiye aliyebaki nayo wengine walipokuwa darasani!

Kwa hiyo ndiyo habari yenyewe. Mwaka mzima wa mwanao umekwenda kwa ajili ya Ijumaa yangu moja. Ukikasirika, nikasirikie mimi, tena sema yote, nitaumia kidogo na nitalala. Najua utawatazama vipi wenzako kazini. Nisamehe, mdogo wangu. Sina neno zuri kuliko hilo.

Mzee anakusalimu, anataka picha yako ukiwa umevaa kofia ya kazi. Dada mkubwa na wajukuu zake wanakusalimu, na kinyozi wako wa zamani bado anakudai ule mchezo wa bao uliokimbia ukiwa umebanwa. Wifi mwambie kitambaa alichotuma kimenitosha, ila mabegani tu. Mungu awafunike huko mliko, awape kazi isiyowavunja na usingizi wa kutosha.

Ninalo ombi moja. Ukimpigia simu Nukta, usimwambie pole. Ameshapewa pole na kila mtu: wenzake, meneja, msajili, hata yule fundi rangi wa chuoni. Mwambie hongera ya themanini na nane. Nimekaa leo nikihesabu, na katika pole zote hizo hakuna aliyempa hongera. Mimi pia sijampa. Yuko jikoni sasa hivi, namsikia anaosha masufuria. Ngoja nifunge bahasha niende.

Ni mimi, dada yako anayekupenda hata akikukosea,

Shangazi wa Nukta