Usiibandue Picha ya Bibi

Nyumbani,
Chumba cha nyuma.
Jumapili, tarehe 9.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Natumaini wewe, Mjomba na wadogo zangu ni wazima. Sisi hatujambo, isipokuwa kaka ana mafua, yale yanayompata vyombo vikiwa havijaoshwa.

Baba alituambia mlivyoongea: ile DVD ya Bibi inafunguka, Bibi anasalimia watoto, lakini akianza kukusemesha wewe picha inaganda. Akakushauri ununue deki nyingine. Nilikuwepo mezani. Niliinamia sahani.

Shangazi, usinunue. Deki yako ni nzima, mbovu ni mimi.

Ile picha ya Bibi niliyoibandika juu ya diski, mliyoisifu wote, niliibandika kwa gundi ya shuleni. Ilipokauka ikavuta upande mmoja, diski ikapinda. Sasa ikizunguka inayumba, na deki ikifika karibu na ukingo inashindwa kusoma. Pakiti ya diski ilikataza kubandika karatasi, tena kwa lugha zote mbili ninazosomea, kwa hiyo hata kusingizia kutoelewa siwezi.

Halafu Baba aliniuliza, “Umeiangalia mpaka mwisho, Fundi?” Nikasema ndiyo. Nilikuwa nimeangalia mwanzo tu. Kisha nikafuta kila kitu kwenye kamera na kompyuta nipate nafasi ya michezo. Imebaki hiyo moja uliyo nayo. Tafadhali usiibandue picha, itang'oka pamoja na utando unaobeba video. Mpe mwenye kompyuta ajaribu kuinakili polepole.

Ningepiga simu, ila simu ya Baba huongelewa sebuleni, na mimi nikisikilizwa na watu ulimi unakauka.

Sasa lile linaloninyima raha. Siku ya kurekodi, Bibi aliwatoa wote nje, nikabaki mimi na kamera. Alipomaliza alisema, ukishaitazama, kama umemsamehe utampigia kwenye simu yake mwenyewe. Baba hajui hayo, akamwambia Bibi tu, bila kutaja kuganda, “Mama, ameshaipata, ameitazama.” Tangu hapo Bibi haiachi simu, anakwenda nayo hata bafuni. Jana kaka alimtania, “Bibi, unasubiri mchumba?” Akajibu, “Nasubiri asiyenitaka.” Akaingia chumbani bila kula.

Sikupewa ruhusa ya kuyabeba maneno yake, lakini nimeyafungia njia, basi niyafikishe. Alisema alikosea kuisusia harusi yako. Alisema Mjomba ni mtu mwema kuliko alivyomdhania. Akakuomba radhi, akilia, akikuita Kidawa changu.

Mpigie kwanza, hayo ya diski baadaye. Baba nitamwambia leo nikirudi kuposti barua hii, na adhabu yoyote ni halali yangu.

Nisalimie Mjomba na wadogo zangu. Baba, Mama na kaka wanakusalimu. Salamu za Bibi sizitii humu, anataka akupe mwenyewe.

Mungu akulinde, na akulainishie moyo kwa sisi sote wawili, mimi na Bibi.

Mwanao akupendaye, mwenye aibu,
Fundi