Kitufe cha Nukta

Engutoto,
Arusha.
19 Septemba 1999

Mpendwa Shangazi Hedwiga,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Sumbawanga, na lile goti lako limepoa tangu mvua zikatike. Hapa nyumbani tunaendelea. Baba anakohoa kidogo kwa vumbi la miezi hii, lakini anakula na kazini anakwenda. Mimi nisikudanganye, sili vizuri.

Uliniuliza katika barua ya Julai uchague kibodi ya namna gani kwa ile kompyuta mliyopewa hapo parokiani. Si shughuli zilizonichelewesha kukujibu. Nilikuwa naogopa hata kuliandika neno lenyewe. Niruhusu nianze na yaliyonipata.

Unakumbuka kwamba nachapa barua katika zahanati ya Daktari Ephraimu, zile ambazo mgonjwa anapewa apeleke kwa mganga wa zahanati ya kijijini kwao, zenye jina la dawa na kipimo chake. Jumatatu ya tarehe 30 Agosti nilikuwa nakunywa chai ya maziwa huku nachapa, jambo tulilokatazwa. Kikombe kikanitoka. Haikuwa chai nyingi, labda vijiko vitatu, lakini iliingia upande wa kulia wa kibodi, penye tarakimu. Nilipangusa kwa kanga, nikaigeuza ikachuruzika, nikajaribu vitufe kimoja kimoja. Vyote viliandika. Sikumwambia mtu. Wewe mwenyewe ulipunguzwa kazi pale mkoani, unajua siku hizi kazi ikiondoka haijulikani itarudi lini.

Alhamisi nikachapa barua ya Mzee Naftali, mkulima wa kahawa kutoka huko juu ya Makumira. Daktari alikuwa ameandika kwa mkono miligramu 12.5 za dawa ya presha asubuhi na jioni, yaani nusu kidonge. Nilichapa, Daktari akatia sahihi bila kusoma, mzee akaondoka na Catherine, mke wa mwanawe.

Jumamosi asubuhi nilikuwa nachapa karatasi ya mtoto mwenye homa. Nikatupa jicho kwenye skrini, nikaona joto la mwili limeandikwa 385. Nilibonyeza nukta tena. Haikutoka. Nikabonyeza kwa nguvu, ikatoka mara moja, kisha ikagoma. Nilivuta jalada la nakala, nikaitafuta barua ya Mzee Naftali. Ilisema 125. Vidonge vitano kwa mpigo.

Nilimpelekea Daktari ile nakala. Aliitazama muda mrefu, akakaa. Kule hakuna simu. Aliniambia, "Chukua pikapu, nenda na dereva. Ukikuta ameshameza, mlete hapa amelala, usimwinue kichwa."

Njia yote hadi Usa River, na ile ya kupanda mlimani, nilikuwa nikihesabu: Ijumaa asubuhi, Ijumaa jioni, leo asubuhi. Tulipofika karibu na boma lao niliona watu wawili watatu wamesimama mlangoni, nikajua nimechelewa. Dereva ndiye aliyenifungulia mlango.

Mzee alikuwa hai. Alikuwa amelazwa kwenye mkeka, jasho la baridi limemtoka, midomo imepauka. Catherine alisema mzee alianguka akitoka chooni, na tangu hapo akimwita anaitika kwa mbali. Dawa walizipata kwa mganga Ijumaa jioni, kwa hiyo alikuwa amemeza mara mbili. Tulimbeba, tukamlaza nyuma ya pikapu juu ya godoro, nami nikakaa kando yake nimeshika mkono wake nikitafuta mapigo. Kuna mahali niliyakosa kabisa. Nilimwomba Mungu aninyang'anye kazi, aninyang'anye chochote, ila si mzee huyu.

Tulipofika zahanati walimtundikia dripu. Jioni presha iliyokuwa imeshuka mno ikaanza kupanda, Jumapili akaomba uji.

Kilichonitesa zaidi kilikuja baadaye. Catherine alinishika mikono miwili akaniuliza, "Dada, ulijuaje uje?" Aliamini nimetumwa na Mungu. Jumatatu akaniletea mkungu wa ndizi, mimi niliyekaribia kumuua mkwewe. Daktari naye aliniita pembeni akasema, "Tuwaambie dawa ilimzidi nguvu. Si uongo." Nikaitikia. Siku mbili nilipita mlango wa chumba cha mzee nimeinamisha kichwa. Niliogopa polisi, niliogopa jina langu kutajwa kanisani, na Baba kuzisikia habari hizi kwa watu.

Jumatano walipokuwa wanafunga mizigo niliingia, nikafunga mlango. Niliwaambia yote, kuanzia kikombe cha chai. Catherine aliuvuta mkono wake taratibu, akageukia dirishani. Hakunitazama tena machoni hadi walipoondoka, na simlaumu. Mzee Naftali akaniuliza, "Hiyo mashine bado mnaitumia?"

Nikamwambia imeondolewa.

"Basi niandikie barua nyingine," akasema. "Andika kwa mkono wako, na uandike nusu kwa maneno."

Niliandika mbele yake, machozi yakidondokea karatasi hadi ikabidi nianze nyingine.

Sasa nikujibu ulichouliza. Ile kibodi niliipeleka mtaa wa Sakina kwa fundi mmoja, Elinami. Aliifungua mbele yangu. Ndani kulikuwa na vumbi kama la barabarani, nywele, makombo ya mkate, na sukari imegandamana chini ya kile kitufe kama gundi. Nilimwuliza kwa nini basi siku ile ile kiliandika. Alisema chai ikiwa mbichi kitufe huteleza, ikikauka ndipo kinanasa. Ningeizima kompyuta na kumpelekea siku ile ile, angeisafisha kwa spiriti na kuiacha ikauke vizuri.

Wewe uliyezoea taipu chagua yenye vitufe vigumu kidogo, vinavyorudi vyenyewe ukiinua kidole, usikubali vile laini vinavyozama. Kwa kuwa unaandika hesabu za parokia, chukua yenye tarakimu za pembeni kulia. Angalia herufi zisiwe za kubandika, zitafutika kabla ya Pasaka. Chora kwanza tundu la waya lililo nyuma ya kompyuta yenu, ulilinganishe na ncha ya waya wa kibodi kabla hujaondoka dukani, maana matundu yanatofautiana. Na wakikupa zile zinazotoka Ujerumani, Z na Y zimebadilishana nafasi, utaandika "za" kila ukitaka "ya". Usipokee.

Ukishaipata, ifunike kwa kitambaa kila ukiondoka, na kila Jumamosi izime uipige brashi ya rangi iliyo kavu. Usile wala kunywa karibu nayo. Asubuhi, kabla ya barua ya kwanza, chapa herufi zote, tarakimu zote, na nukta. Mimi nachapa mara tatu, kisha nasoma kwa sauti, na bado siamini. Jana nilirudi kutoka getini kwenda kutazama nakala moja tu.

Daktari hakunifukuza, ila tangu Jumatano ile hajaniita jina. Anasema nilimvunjia heshima mbele ya mgonjwa. Mwisho wa mwezi ataniambia kama nabaki. Hata hivyo, sasa kila barua anaisoma yote, kidole juu ya mstari, kabla ya kutia sahihi.

Baba bado hajui. Usimwandikie, nitamwambia mwenyewe Jumapili ijayo tukitoka misa. Uniombee ulimi usiingie baridi.

Msalimie mjomba Arnold, na Agnela na watoto wake wote. Mungu akulinde na akulindie mikono yako. Nami nabaki mtoto wako akupendaye, mwenye hofu lakini aliyesema kweli,

Evelyn