Jina Mtampa, Dawa Hamgusi

Jumapili. Baridi ya Julai, mawingu tangu asubuhi, na nguo nilizoanika jana bado mbichi. Lakini leo nina furaha, na sababu ni mume wangu.

Wekesa si mtu wa maneno. Ni fundi wa kuchomelea vyuma, na mteja akimgombeza yeye hushusha miwani yake ya kazi akaendelea kuchomelea. Kwa hiyo nilipomsikia leo kwa dada yake kule Kawangware, nilidhani ni mtu mwingine anayeongea.

Binti yetu Imani ana kifafa. Daktari alimpima, akatueleza polepole, akampa dawa ya kunywa asubuhi na jioni. Tangu aanze kuimeza anacheza na wenzake hapa mtaani kwetu Soweto West kama mtoto yeyote.

Watu wa Wekesa wana maelezo yao. Kwao, mtoto akiuguaugua, huulizwa ni marehemu gani anayetaka jina lake. Wakaamua ni nyanya yao, Nasimiyu. Mwezi uliopita Imani alipolala kwa huyo dada yake Wekesa, wifi yangu, wifi akaificha dawa, eti inamkasirisha nyanya. Asubuhi mtoto akaanguka, akapasuka kidevu.

Bado nina hasira.

Leo walichinja kuku wakatuita tumpe Imani jina la nyanya. Nilienda nimeuma meno. Nilijua nikifungua mdomo mimi, mke, nitaambiwa nina jeuri.

Wifi akaanza. "Leo tunampatia jina, na hizo tembe muache sasa. Mnamchosha mtoto bure."

Wekesa akaweka kikombe chini. "Jina mtampa. Nyanya nilimpenda pia. Lakini dawa hamgusi. Na hatalala hapa tena mpaka wewe mwenyewe ukubali kumpea."

"Wekesa, si ni mimi nilikulea?"

"Ni wewe, dada. Ndio maana nimekuja kukuambia mwenyewe, sijatuma mtu."

Huyo dada ndiye aliyeuza chapati barabarani ili Wekesa asomee ufundi. Hakuna mtu ambaye Wekesa anampenda na kumwogopa kama yeye. Mimi nilitaka kupiga vigelegele, nikaenda kusugua masufuria.

Jina alipewa: Imani Nasimiyu. Limenipendeza, sitadanganya. Lakini wifi hakutusindikiza hata mpaka kwa geti, na Wekesa alilia njia nzima bila kujificha.

Nampenda huyu mwanamume. Acha niliandike wazi.

Tumefika tu nyumbani, simu ikalia. Mama yangu, kutoka Kitui. Anakuja Jumanne na chupa ya mizizi iliyochemshwa, na anataka nimwachishe Imani dawa kuanzia kesho, ili mizizi ifanye kazi vizuri.

Wekesa alikuwa ameketi pale pale, akasikia yote. Mimi je? Nikamwambia mama network ni mbaya, nikakata simu.

Wekesa hakunicheka. Alimpa mtoto dawa yake ya jioni, akanisogezea chai.

Sijawahi kumwambia mama hapana. Hata aliponishonea sare ya shule iliyokuwa kubwa mara mbili yangu, niliivaa. Wekesa ameweza mbele ya dada aliyemlea. Mimi na mama aliyenizaa, nitaanzia wapi?

Labda nianzie na "karibu sana, mama." Halafu niseme yale mengine.

Basi naacha kuandika. Nampigia sasa hivi.