Picha Tatu za Kifungo

Nyumbani, nyuma ya karakana
Jumapili, 14 Septemba

Mpendwa Dada,

Shikamoo. Habari za huko, na goti lako linaendeleaje? Shemeji naye, bado anakoroma hadi majirani wanagonga ukuta? Sisi hapa tu wazima, na safari hii nikisema wazima namaanisha. Ningekuandikia hivyo miezi miwili iliyopita, ningekuwa nimekudanganya. Ndiyo sababu nilinyamaza. Nisamehe.

Ile kamera uliyoniachia nimeitumia mpaka wifi yako ananiuliza kama mimi ni fundi wa meza au wa picha. Napiga chochote: Mama akisinzia na kijiko mkononi, wifi yako akigombana na uzi usiotaka kuingia kwenye sindano, Kifungo, kitindamimba wetu, akiburuta viatu vyangu. Mambo ya kufumba na kufumbua, ukichelewa yamekwisha.

Mwezi wa sita mwishoni nilipeleka picha kusafishwa. Mama wa dukani akazitandaza mezani, kisha akanisogezea tatu za Kifungo. Katika zote, jicho la kulia lilikuwa jekundu, kama macho yanavyotoka ukipiga kwa flashi. La kushoto lilikuwa jeupe kama tone la maziwa.

"Kamera imezeeka," nikamwambia.

"Kamera ikizeeka hukosea macho yote mawili, fundi. Mpeleke mtoto hospitali."

Nilizikusanya picha, nikarudi nyumbani. Wifi yako alishaniambia kitambo kwamba mtoto anajigonga milangoni, nami nikamjibu kuwa ana haraka kama shangazi yake. Maneno yangu mwenyewe yalinisuta njia nzima.

Daktari wa macho alimmulika, kisha akauliza kama tuna picha za nyuma. Tulimwaga sanduku zima juu ya meza yake. Bahati nzuri huwa naandika tarehe. Za mwezi wa pili, macho yote mekundu. Za mwezi wa tano, la kushoto limeanza kufifia. Akasema huenda ni uvimbe, huenda sio, tusubiri vipimo.

Siku nane, Dada. Nilipima ubao mmoja mara tatu na bado nikaukata vibaya. Wifi yako hakunilaumu hata kwa neno moja, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Siku ya tisa daktari akasema si uvimbe, ni mtoto wa jicho, na anaweza kumtoa. Wifi yako aliketi sakafuni pale pale. Mama, ambaye alikataa katakata kubaki nyumbani, akauliza, "Ana miaka minne, naye ameshapata mtoto?" Tulicheka mpaka muuguzi akafungua mlango kutuangalia.

Upasuaji ulikwenda salama. Tungechelewa mwaka, anasema daktari, jicho lingesahau kazi yake. Sasa kila asubuhi tunaliziba lile zima kwa saa mbili ili mwenzake ajifunze. Kifungo analia, anadai peremende, anavumilia. Safari bado ni ndefu, lakini usingizi umerudi nyumbani.

Juzi alivalishwa miwani. Daktari akaliziba jicho zima kwa kiganja, akamwambia amtazame baba. Alinikazia macho kwa muda, kisha akasema, "Baba, una vumbi la mbao kwenye nyusi."

Kamera nilikuwa nayo mkononi, nikashindwa kuinyanyua. Wifi yako akaninyang'anya, akapiga yeye, mara yake ya kwanza. Imetoka imepinda, kipara changu kimekatwa nusu, nami nalia kama niliyemenya gunia la vitunguu. Nimekuwekea humu kwenye bahasha. Sina picha nzuri kuliko hiyo.

Mama anakusalimu, anasema goti ulikande kwa maji ya moto na uache ubishi. Nisalimie Shemeji na wapwa zangu wote. Mungu akulinde huko uliko, akujalie kurudi utuone kwa macho yako.

Wako akupendaye, mwenye vumbi kwenye nyusi,
Mdogo wako