Tausi Kwenye Gunia

Salma mjukuu wangu,

Marahaba. Hapa Mabibo babu yako kaanza tena kugombana na redio, kwa hiyo kapona.

Ila wewe umeniudhi! Daktari huko Mwanza kakwambia virusi vya leukemia ya paka, hiyo saratani ya damu, alivyonavyo paka wako havimpati mtu, na paka wengine miili yao huvishinda, halafu unaniuliza umtupe?

Miaka ya tisini paka wangu Tausi alikonda. Jirani akasema, “Ana ukimwi huyo, atatuambukiza.” Nami mjinga nikamtia guniani, nikaenda kumtupa sokoni, ndivyo tulivyowafanyaga paka wagonjwa. Paka mwenzie aliyekula naye sahani moja hakuugua hata siku moja.

Jirani nilishamsamehe. Lakini Tausi alilia njia nzima, na mie nikalipiga gunia ili anyamaze.

Bibi yako