Nilimwaga Oili Siku ya Msalaba Wako

Baba,

Jumamosi walipokuwekea msalaba kaburini kule Isongole, Ileje, mimi sikuwepo. Mimi Tusekile, binti yako wa kwanza uliyenifundisha ufundi mwenyewe, nilibaki Tunduma chini ya gari, sare yangu ya kitenge imelowa oili. Ukoo mzima umenikasirikia. Sawa, wakasirike. Wewe nitakueleza mwenyewe.

Tangu ututoke, Baba Mdogo ndiye anayeshika funguo za Subaru yako, na gerejini kwetu anaingia kama kwake. Asubuhi ile alitangaza kwamba gari lako litaongoza msafara. Nilifurahi, maana injini ile ya turbo uliijenga upya mwaka mzima, nami nikikushikia spana. Kisha nikamkuta amefungua boneti, ana dumu la oili nzito ya malori. Alishamimina lita nzima juu ya ile yetu nyepesi.

"Milima ya Ileje hiyo, mwanangu," akaniambia. "Lazima uweke na ya safari."

Ya safari! Unakumbuka ulivyoichukia kauli hiyo, ya kuzidisha oili eti kwa sababu njia ni ndefu? Madereva wa malori wanaovuka kwenda Zambia wote wanaitaka, na wewe ukiniambia, "Soma kijiti, usisome uso wa mteja." Basi nilisukuma gari hadi kwenye ile sakafu ya zege uliyoimwaga ili tupimie mahali palipo sawa. Nikasubiri, nikachomoa kijiti cha kupimia oili. Oili ilikuwa imepita alama ya juu kwa vidole viwili. Nikamwambia Baba Mdogo kwamba krenki, ule mhimili unaozunguka ndani ya injini, itaichapa mpaka iwe povu, na povu halilainishi chuma. Turbo itaungua mlimani huku sisi tunaimba. Akaniuliza tangu lini mtoto wa kike anamfundisha baba yake.

Nililala chini nikafungua boliti ya kumwagia oili, ikashuka yote kwenye beseni.

Watu wameshavaa, Baba! Kwaya inasubiri, msalaba umeshafungwa juu ya Noah ya kukodi. Mama alifumba macho. Baba Mdogo akatupa funguo chini, akasema gari hilo haliendi na mimi siendi. Wakajibana kwenye Noah wakaniacha.

Nililia, sitakuficha. Nililia huku nakaza boliti. Halafu nikafunga filta mpya, nikamimina oili ile nyepesi uliyoichagua wewe, inayofika kwenye turbo haraka hata asubuhi za baridi. Nilimimina kidogo, nikasubiri, nikapima, nikaongeza, mpaka ikakaa chini kidogo tu ya alama ya juu. Nikawasha. Taa ya onyo la oili ikazimika palepale, oili ilishafika kila mahali.

Jumapili nimeitwa kikao cha ukoo hukohuko Isongole. Niombe radhi, au nikabidhi gereji. Mama nitamwomba radhi, nilimwaibisha mbele ya wageni. Wewe pia nisamehe, nilitaka kuushika msalaba wako kwa mikono hii. Lakini kwa oili siombi radhi kwa mtu, na gerejini sitoki. Nakuahidi hilo, Baba, hata wakinipigia kelele kutwa nzima.

Funguo alizozitupa ninazo. Nitakwenda na gari lako, na kabla ya kikao nitapita kaburini. Pumzika kwa sasa. Nikifika sitazima injini haraka, ili usikie mwenyewe kama nilikosea.

Mwanao,
Tusekile